Mwana Asiyeijua Saa

Benchi la fundi viatu wa Soweto West huketi watu wanne, na mvua ikinyesha hubeba sita. Fundi ameliweka nje ya kibanda chake, pale kijia kinachotoka relini kinapobanwa na ukuta wa mabati, kwa hiyo hakuna anayepita asisikie linalosemwa. Hapo ndipo nimewaketisha wasemaji wa mjadala huu. Nakiri mapema kwamba hawakuketi pamoja siku moja. Hoja zao nimeziokota kwenye jumuiya, kwenye makanisa ya mabati, ndani ya matatu na katika vitabu vya watu waliokufa zamani, kisha nikazipa vinywa vya hapa Kibera. Majina yao ni kazi zao.

Aliyeanzisha ni Mama Mboga.

Mama Mboga: Pasta, nina swali, na usinione nimekosa adabu. Jumapili ulisema Yesu alijua kila kitu tangu akiwa tumboni. Nimekaa nalo wiki nzima nikikata sukuma. Kama alijua kila kitu, pale Gethsemane jasho lilikuwa la nini? Kijana wangu alipongoja matokeo ya KCSE hakula siku mbili. Yalipotoka, na hayakuwa mazuri, akala. Kinachomtoa mtu jasho ni kutojua.

Pasta: Hapana, Mama. Ukiambiwa jino litang'olewa kesho saa tatu, unalala? Siku unaijua, saa unaijua, hata daktari unamjua, na bado unatetemeka. Kujua hakupunguzi uchungu. Pengine kunauongeza.

Fundi: Hapo Pasta amefunga bao.

Mama Mboga: Bao nimelikubali. Lakini alimwomba Baba amwondolee kikombe, ikiwezekana. Hilo "ikiwezekana" ndilo linalonisumbua. Anayejua kwamba haiwezekani haliweki kwenye maombi yake.

Pasta si mtu wa kuangushwa na neno moja. Akaweka kiatu chake kibovu chini ya benchi na kuanza kuhesabu kwa vidole. Nathanaeli alionwa chini ya mtini kabla ya kuitwa. Mwanamke Msamaria alitajiwa waume watano na mgeni aliyemwomba maji tu. Kifo cha Lazaro kilitangazwa kwa wanafunzi kabla mjumbe hajaleta habari. Petro aliambiwa habari za jogoo, tena akaambiwa samaki wa kwanza atakayemvua atakuwa na sarafu mdomoni. Na Yohana anaandika wazi kwamba Yesu hakuhitaji kuelezwa na mtu habari za mwanadamu.

Kijana anayesoma chuo cha Biblia, mkaazi wa Kawangware anayekuja Kibera kufundisha shule ya Jumapili, alimsikiliza hadi mwisho. Vijana wengi hawangoji hivyo.

Kijana: Pasta, ushahidi wako mwingi umetoka kwa Yohana. Naomba uhamie kwa Marko dakika tano tu. Kwa Marko Yesu anauliza wana mikate mingapi. Anamwuliza baba wa yule mtoto mwenye pepo shida hii imeanza lini. Anaona mtini kwa mbali, anakwenda kutazama kama una kitu, anakuta majani. Anafika kwao, anashangaa jinsi watu wasivyoamini. Mtu hushangazwaje na jambo alilolijua tangu milele? Halafu kuna mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili.

Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa sababu kisa hicho ndicho kilichokula nusu ya mchana. Yesu anasongwa na umati. Mwanamke anagusa vazi lake kwa nyuma, anapona. Yesu anahisi nguvu zimemtoka, anageuka, anauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wanamjibu kwa mshangao ambao abiria yeyote wa matatu namba 8 anaujua: umebanwa pande zote, goti la mtu liko ubavuni mwako, kikapu cha mtu kiko kichwani mwako, nawe unauliza nani amekugusa? Marko anaongeza kwamba aliendelea kutazama huku na huku amwone aliyefanya hivyo. Mathayo anasimulia kisa hichohicho na swali limetoweka. Yesu anageuka, anamwona, basi.

Kijana alisema hilo si bahati mbaya. Marko anaandika kwamba kule kwao Yesu hakuweza kufanya miujiza, isipokuwa kuponya wagonjwa wachache. Mathayo anaandika kwamba hakufanya mingi. Marko ana ule mstari wa sura ya 13, kwamba siku na saa hakuna aijuaye, malaika hawaijui, na Mwana haijui, ila Baba. Luka hana mstari huo kabisa. Mathayo anao, lakini baadhi ya nakala za kale zimemwondoa Mwana katika sentensi. Kuna mwandishi fulani, mahali fulani, aliyefika kwenye neno hilo na kalamu ikamtetemeka.

Pasta: Swali si lazima liwe la asiyejua. Mungu alimwuliza Adamu yuko wapi. Hakuwa amempoteza. Mwalimu anauliza darasa mbili jumlisha mbili. Yesu alitaka yule mama ajitokeze, asiondoke na uponyaji wa kuiba.

Hoja hiyo ni nzuri, na wazee wa kanisa waliitumia kabla ya Pasta kuzaliwa. Katekista, ambaye hadi hapo alikuwa akimnyooshea Fundi soli, akaichukua na kuipeleka mbali.

Katekista: Mstari wa saa ndio Ario aliushika katika karne ya nne, akasema, mnaona? Asiyejua si Mungu. Athanasi akamjibu: hakujua kwa upande wa utu wake, alijua kwa upande wa uungu. Agustino akasema hakujua maana yake hakujua kwa ajili ya kutuambia. Katika karne ya sita huko Aleksandria palikuwa na shemasi Themistio na wenzake waliosema kweli hakujua. Mwaka 600 Papa Gregori akamwandikia Patriarki wa Aleksandria kwamba fundisho hilo ni la uzushi. Naye Thomas wa Akwino akafunga mlango: nafsi ya Kristo ilimwona Mungu tangu ilipoumbwa, kwa hiyo hakuwa na imani. Imani ni ya asiyeona.

Mama Mboga: Ngoja hapo kwa Agustino. Alijua, lakini akasema hajui?

Katekista: Alijua, lakini haikuwa kazi yake kulisema.

Mama Mboga: Mwaka 2017 unga wa shilingi 90 ulipoadimika, ukienda dukani unaambiwa hakuna, na mguu wa gunia unauona chini ya pazia. Mwenye duka naye angesema haikuwa kazi yake kulisema. Sisi tulimwita mwongo.

Katekista alicheka, akakiri kwamba swali hilo limelisumbua kanisa lake pia. Mwaka 1918 Roma bado ilisema si salama kufundisha kinyume cha maono hayo ya nafsi ya Kristo. Katekisimu ya mwaka 1992 inasema kwa utulivu zaidi kwamba ujuzi wa kibinadamu wa Yesu ulikuwa na mipaka, aliishi ndani ya wakati, akalazimika kuuliza na kujifunza kama wanadamu wote. Kisha inarudi kuongeza kwamba mpango aliokuja kuufunua aliujua kikamilifu, na kuhusu saa hakutumwa kuifunua. Nilivyoisoma mimi, imeketi kwenye viti viwili. Sitailaumu. Benchi lenyewe lilikuwa limejaa.

Mzee wa Makina alikuwa akipita kwenda kuswali alasiri. Yeye ni Mnubi, wa jamii iliyoletwa hapa na jeshi la KAR (King's African Rifles) wakati Kibera bado ni msitu, na jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi la msitu. Akapewa nafasi ya kukaa.

Mzee: Mihadhara ya akina Ngariba na Kawemba, wahubiri wa Kiislamu kutoka Tanzania, mnaikumbuka? Mstari wenu huo wa saa ulikuwa haukosi. Kwetu swali halina kona. Katika sura ya Maida, Isa anamwambia Mwenyezi Mungu kwamba Yeye anajua yaliyomo nafsini mwake, naye hayajui yaliyo kwa Mungu. Na saa, hata Mtume wetu alipoulizwa na Jibrili alijibu kwamba muulizwaji hajui zaidi ya muulizaji.

Kijana: Lakini, Mzee, katika Aali Imran Isa anawaambia watu walichokula na walichoweka akiba majumbani mwao.

Mzee: Kwa idhini ya Mola. Anapewa, anajua. Hapewi, hajui. Nyinyi ndio mmebeba gunia mbili kwa mgongo mmoja. Mimi nimeketi tu.

Fundi: Basi wote mmekubaliana kuhusu saa, na makanisa yamejaa watu wanaoijua.

Hapo pakanyamaza, na kila mtu alijua kwa nini. Kanungu, Uganda, viongozi wa dhehebu moja walitangaza kwamba mwisho wa dunia ungefika mwaka 1999 ukiisha. Haukufika, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini wakateketea kanisani. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge chakula hadi kufa.

Pasta: Tangu Shakahola nikitaja siku za mwisho watu wananitazama mikono, kana kwamba nitawanyang'anya chakula. Nawaambia: atakayekuja na tarehe mfukuzeni. Nawasomea mstari huohuo. Mwana mwenyewe hakuijua, huyu ameijulia wapi?

Kijana: Pasta.

Pasta: Nimejisikia.

Fundi: Bao moja kwa moja.

Nataka kumtendea Pasta haki. Hashikilii ujuzi wote wa Yesu kwa ukaidi. Analala na simu wazi. Saa nane za usiku anapigiwa na mtu ambaye mtoto wake anachemka homa na hana nauli ya hospitali. "Mtu huyo," alisema, "nimwambie kuna mmoja anayejua yote, au nimwambie yule naye aliuliza uliza?" Hakuna aliyemjibu kwa haraka, na mimi nisingeweza.

Aliyejibu baadaye ni Mama Mboga, na hakumjibu kwa maandiko. Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba za maelfu zilikwenda, shule zikaenda, makanisa yakaenda. Dada yake alikuwa kwenye njia hiyo. Ilani walikuwa wameiona. Siku yenyewe hawakuijua.

Mama Mboga: Waliojua siku hawakulala kwetu. Waliolala kwetu hawakuijua. Yesu wa Pasta ananifanya niulize alilala wapi.

Hapa Kijana akaleta jina ambalo Afrika Mashariki ingefaa kulijua zaidi. Frank Weston, Mwingereza, alifika Zanzibar mwaka 1898 na misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Akiwa mkuu wa chuo cha Kiungani aliandika The One Christ, kitabu kilichotoka mwaka 1907. Mwaka uliofuata akawa Askofu wa Zanzibar. Kitabu kizima kinahangaika na jambo linalomhangaisha Mama Mboga. Ulaya wakati ule ilikuwa na jibu lililopendwa, kwamba Mwana alipokuja duniani aliuacha ujuzi wake juu kama mtu anayevua koti. Weston alilikataa. Mungu hawezi kuacha kuwa Mungu kwa miaka thelathini na mitatu halafu arudi kuokota alichoacha. Alilosema yeye ni kwamba Mwana alijiwekea sheria ya kujizuia: akiwa mtu, atajua na kutenda kwa kiasi tu kinachoweza kupita katika nafsi ya kibinadamu, kwanza ya mtoto mchanga, kisha ya kijana, kisha ya mtu mzima. Na sheria hiyo hakuiweka mara moja akaisahau. Aliishika kila dakika.

Nairobi ilimjua Weston kwa ugomvi. Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Waskoti pale Thogoto, safari fupi kutoka Kawangware, wakamaliza kwa kushiriki meza ya Bwana pamoja. Weston aliwashtaki Askofu wa Mombasa na Askofu wa Uganda kwa uzushi. Mtu aliyemruhusu Yesu asijue hakuwaruhusu maaskofu wenzake wakosee. Lakini huyohuyo, mwaka 1916, aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar huko bara wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1920 akachapisha kijitabu cha kupinga kazi ya kulazimishwa Kenya. Mzee aliposikia wapagazi akasema jina moja tu, "Kariokor," kwa kuwa mtaa ule wa Nairobi ulipata jina lake kwa wapagazi wa vita hivyo.

Fundi: Mimi nimeelewa hivi. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a linaweza kujaa hadi kumwagika. Mferejini hapa Soweto maji yanakuja kwa unene wa paipu. Bwawa halijapungua, na jerikani haidanganywi. Paipu ndiyo imepima.

Kijana: Fundi, Weston angekuajiri Kiungani.

Mama Mboga: Na paipu nyembamba ilichaguliwa na nani?

Kijana: Na yeye mwenyewe.

Mama Mboga: Wanaotuchagulia paipu nyembamba sisi hatuwasifu.

Kijana: Hao wamekaa upande wa bwawa, Mama. Huyu aliichagua, kisha akaja akapanga foleni na jerikani.

Mama Mboga hakusema ameridhika. Alisema, "Hilo nitalibeba nyumbani." Swali lake la pili lilikuwa limebaki: mtu aliye kwenye foleni huamini kwamba maji yatakuja. Je, Yesu aliamini?

Pasta na Katekista, ambao kanisa haliwaunganishi, waliungana hapo kukataa. Yesu ni wa kuaminiwa, hakuwa muumini. Kijana akawakumbusha barua kwa Wagalatia, pale Paulo anapotaja imani ya Kristo. Tangu miaka ya 1980, hasa baada ya kitabu cha Mmarekani Richard Hays cha mwaka 1983, wataalamu wanavutana: ni imani tuliyo nayo kwa Kristo, au imani aliyokuwa nayo Kristo? Kigiriki kinaruhusu zote mbili. Waingereza mara nyingi huchagua moja wanapotafsiri. Sisi tuna bahati, maana Kiswahili kimeubeba utata wote mzimamzima kwa neno dogo, "ya".

Fundi: Kama hofu ya polisi. Hapa Kibera sijui ni hofu tuliyo nayo sisi au waliyo nayo wao.

Fundi alikulia Mombasa, naye akaongeza jambo ambalo hakuna kitabu nilichokisoma kuhusu mjadala huu kilicholiongeza. Pwani mtu asiye na huruma huambiwa hana imani. Mtu wa imani ni yule ambaye moyo wake hulainika akiona mwenzake ameumia. Kwa maana hiyo, alisema, kumnyima Yesu imani ni tusi.

Ni mchezo wa maneno, najua, lakini umenipeleka kwenye neno jingine la shina hilohilo, amana. Amana ni kitu unachokiweka kwa mtu, ukaondoka, usiweze kukichungulia. Akina mama wa Soweto wanaijua vizuri kuliko wanafalsafa. Kila Jumamosi wanampa mweka hazina wa chama pesa ambazo zingenunua chakula cha siku tatu, na kinachowalinda ni tabia ya mtu mmoja. Luka anaposimulia pumzi ya mwisho ya Yesu, anapomwekea Baba roho yake mikononi, kitenzi cha Kigiriki anachotumia ni kile kinachotumika kwa kuweka amana. Mwandishi wa Waebrania naye anamwita Yesu mwanzilishi na mkamilishaji wa imani. Biblia zetu zinasema imani yetu, lakini hilo "yetu" halimo katika Kigiriki. Limeongezwa. Nikiliondoa, namwona mtu wa kwanza kwenye foleni.

Thomas wa Akwino ana haki kama imani ni kukubali jambo usiloliona. Aliyekuwa na Baba hakuhitaji kuambiwa kwamba Baba yuko. Lakini mwanachama naye hana shaka kwamba mweka hazina yuko. Anamwona kila siku akinunua mkate. Asichokiona ni kesho, na ndiyo maana anahitaji kumwamini. Nadhani Yesu alimjua Baba na hakuijua saa, na kati ya kujua huko na kutojua huku ndimo alimoamini. Katekista alisema hiyo ni imani ya kukopa jina. Inawezekana. Pasta alisema ni afadhali kuliko alivyotarajia kutoka kwa mwandishi.

Mzee alikuwa ameshakwenda kuswali. Wateja wawili wa sukuma walikuwa wamesimama mbele ya kibanda cha Mama Mboga wakiita. Pasta akachukua kiatu chake, kilichokuwa bado hakijashonwa, akakigeuza geuza.

"Jumapili nasoma Marko tano," alisema. "Lile swali la umati sijui nilisome kwa sauti gani." Akalijaribu: taratibu, kichwa juu, tabasamu kidogo pembeni.

"Hiyo ni sauti ya mwalimu, Pasta," Mama Mboga alimwambia. Akasimama katikati ya kijia, watu wakimpita kushoto na kulia na ndoo zao, akashika pindo la leso yake, akageuka nyuma ghafla, akatafuta nyuso kwa macho, mmoja baada ya mwingine, na kuuliza swali lile kama mtu aliyesikia noti ya mia ikimtoka mfukoni. Watu watatu walisimama. Mmoja akajibu, "Si mimi, Mama."